Kopo Lenye Picha ya Jani la Chai

Siku nilipokabidhi funguo za kabati la dawa, mmoja wenu, wenzangu vijana wa kliniki ya ngozi, alinisogezea tyubu ya losheni na kuniuliza, mbele ya keki ya kuniaga, kama dondoo ya chai ya kijani ina faida yoyote kwa ngozi. Niliishika tyubu ile muda mrefu kiasi cha watu kudhani nimezidiwa na uchungu wa kuagwa. Sikuwa nimezidiwa na uchungu wowote. Hata keki yenyewe ilikuwa kavu. Nilikuwa nimemkumbuka binti mmoja wa kijiji cha Nkoma, na mshtuko alionipa binti yule ulikuwa haujanitoka mpaka siku hiyo. Hatimaye nilijibu, "Ndiyo, inazo." Jibu hilo ni sahihi, lakini halitoshi, na ninaandika haya ili nilikamilishe. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo mnavijua, na mishahara mnaijua zaidi.

Nilifika Bariadi nikitoka chuoni moja kwa moja, wakati wilaya ilikuwa bado chini ya mkoa wa Shinyanga na Simiyu lilikuwa jina la mto tu. Nilikuwa na cheti, koti jeupe lililopigwa pasi mpaka kola ikaanza kukatika, na imani kwamba watu huugua kwa sababu hawajaelezwa, na kwamba mimi ndiye niliyetumwa kuwaeleza. Kazi yangu ilikuwa kusaidia kitengo cha ukoma na magonjwa ya ngozi. Cheo changu kilikuwa tabibu msaidizi, ingawa huku kwetu kila aliyevaa koti jeupe huitwa daktari, na anayejaribu kukanusha huonekana anajidai.

Kitengo kilikuwa mikononi mwa Sista Atupele, muuguzi kutoka Tukuyu aliyekuwa amehudumia wagonjwa wa ukoma kabla mimi sijajua kusoma. Ndiye aliyenifundisha kazi, kwa maneno machache na kwa uso ambao haukuonyesha kama umefanya vizuri au vibaya.

Siku ya kwanza alikuja mzee kutoka Ngulyati akilalamikia kikohozi. Alipovua kandambili zake za tairi ili apande kwenye mizani, tuliona msumari umepenya soli na kuzama kisiginoni. Alikuwa ametembea nao kutoka nyumbani.

"Mzee, hukusikia maumivu?" nikamwuliza, kwa sauti isiyostahili kliniki.

Mzee akautazama msumari kama mali ya mtu mwingine. "Huu nao umeingia lini?" akasema. "Mimi nimekuja kwa kifua."

Nilitoka nje nikashika ukuta. Sista Atupele akanifuata, nami nikadhani amekuja kunituliza.

"Umemaliza kushtuka?" akauliza.

"Bado, Sista."

"Basi njoo ushtukie ndani. Mgonjwa akikuona umetoka, anadhani amekosea yeye."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kwamba ukoma hauanzi kwa kula vidole, kama watu wanavyosimulia. Unaanza kwa kuzima hisia, na mtu asiyesikia maumivu huviharibu vidole vyake mwenyewe, jikoni na shambani, bila kujua. Chombo chetu kikuu cha kuugundua kilikuwa pamba. Unachomoa kipande kidogo, unakisokota mpaka ncha iwe nyembamba kama unywele, mgonjwa anafumba macho, unamgusa, naye anaonyesha kwa kidole mahali alipoguswa. Ukigusa doa na kidole kisinyanyuke, hupaswi kusema neno wala kukunja uso. Unagusa tena, pembeni kidogo, kisha unachora kwa kalamu mpaka wa sehemu iliyokufa ganzi. Pamba ya hospitali ilipoisha nilitumia ya wakulima, jambo lililowafurahisha sana watu wa Nkoma. "Kumbe hata serikali inakuja kuokota pamba kwetu!" walinitania. "Basi daktari apewe na jembe."

Miaka ile soko huria lilikuwa limekwisha kufika mpaka kwetu. Walionitangulia kazini walikumbuka kupanga foleni ya kipande cha sabuni ya kufulia. Mimi nilikuta maduka yaliyojaa: redio, nguo za mitumba, viatu vya plastiki, na rafu nzima za krimu za uso. Wanunuzi binafsi wa pamba walipopita vijijini, wauza vipodozi walipita nyuma yao. Lamadi, kando ya ziwa, ambako samaki waliwapa wanawake fedha zao wenyewe, ndiko krimu zilikoanzia, kisha zikapanda kuja Bariadi mjini na kutoka hapo zikasambaa kwa baiskeli. Nilianza kuona kliniki sura za ajabu: mashavu mekundu yenye mishipa midogo kama nyuzi, ndevu kwa wanawake, na mikono ambayo vifundo vya vidole vilibaki vyeusi wakati kila kitu kingine kilikwisha kuchubuka.

Lazima nieleze jambo moja kwa wale mnaotoka mbali. Kwa Wasukuma, binti mwenye rangi ya maji ya kunde huolewa kwa ng'ombe wengi kuliko mwenzake mweusi. Hili halisemwi kwa kunong'ona. Husemwa uani, mbele ya binti mwenyewe, naye akiwa ameshika sinia la chakula. Nilipolisikia mara ya kwanza nilikosa pa kuweka macho. Chuoni tulikuwa tumejadili usawa wa binadamu kwa wiki nzima na kukubaliana wote.

Kopo lenye picha ya jani la chai liliingia katikati ya mambo hayo. Lilikuwa kopo dogo la plastiki, na ndani mlikuwa na krimu ya kijani kibichi. Juu yake paliandikwa kwamba ina dondoo ya chai ya kijani, ni ya asili, na haina madhara. Nakiri nililipenda. Nilikuwa natafuta kitu ambacho ningeweza kuwaambia wanawake watumie badala ya yale mengine, na nilitaka sana kiwe hicho. Nilimwuliza mwalimu wangu wa chuo nilipokutana naye Mwanza, naye akanieleza kwa makini. Chai ya kijani, alisema, ni jani lile lile la chai tunayoinywa, ila hili hupashwa moto mapema kabla halijageuka jeusi, na kwa hiyo hubaki na viini ambavyo chai nyeusi hupoteza kwa sehemu kubwa. Viini hivyo hutuliza ngozi iliyowaka na kuwasha, hupunguza mafuta kwa wenye chunusi, na huisaidia ngozi kiasi dhidi ya uharibifu wa jua.

"Na weupe?" nikamwuliza.

"Weupe gani?"

"Chai ya kijani haimfanyi mtu awe mweupe?"

Akanitazama kama mzazi anayeona ada yake imepotea bure. "Kijana, chai inatuliza. Ukiona krimu imembadilisha mtu rangi kwa wiki mbili, usitafute chai. Tafuta kingine."

Nilikuwa sijaanza kutafuta kingine hicho wakati Minza alipoletwa na mama yake. Minza alikuwa binti wa Mzee Jilala wa Nkoma, mrefu, mcheshi, na uso wake uling'aa kwa namna niliyokwisha kuitambua. Mama alikuja kwa sababu uso wa binti ulikuwa unawaka kila akitoka juani.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia mama yake, kwa Kisukuma changu cha kuokoteza.

"Mwangaluka, ng'wanone," akaitikia, akiniita mwanawe. "Tupe dawa ya jua tuondoke. Tuna wageni wanaokuja baada ya mavuno."

"Wageni wa posa," Minza akaongeza. "Mama anadhani daktari hajui wageni ni nini."

"Nyamaza, wewe. Ungekuwa unaogopa jua kama unavyoogopa kunyamaza, tusingekuwa hapa."

Nilimwomba Minza atoe mtandio. Kwenye shavu la kushoto, chini ya ule mng'ao, niliona kivuli cha doa: mpaka uliovimba kidogo na katikati mkavu, usio na jasho. Nikasokota pamba. Minza akafumba macho. Nikagusa paji la uso, akaonyesha paji la uso. Nikagusa kidevu, akaonyesha kidevu. Nikagusa doa.

"Anza basi," Minza akasema, macho yakiwa bado yamefumbwa.

Sista Atupele, aliyekuwa anafunga bandeji pembeni, aliacha kufunga. Mgongoni na mikononi tulikuta madoa mengine mengi, na nilipopapasa kiwiko cha kulia niliukuta mshipa wa fahamu umevimba kama kamba. Kidole kidogo na kile kinachofuata havikusikia chochote.

"Mayu," nikamwuliza mama, "doa hili la shavuni mliliona lini?"

"Zamani. Kabla ya krimu."

"Na krimu mlinunua ya nini?"

Mama alinijibu kwa utulivu wa mtu anayemweleza mtoto hesabu nyepesi. "Si doa lilikuwa jeupe, ng'wanone? Doa haliwezi kurudi jeusi, tumejaribu. Basi tukaufanya uso wote uwe mweupe, ulingane na doa. Sasa si unaona? Limepotea. Na mshenga alipopita akamwona, akaongeza ng'ombe."

Nilikuwa nimesoma miaka mitatu, na hakuna kitabu kilichonitayarisha kwa jibu hilo. Walikuwa wameona ugonjwa, wakampaka binti mzima rangi ya ugonjwa, na dunia ikawapongeza. Mama alitoa kopo kutoka kwenye upindo wa khanga na kuliweka mezani kwa fahari. Jani la chai lilitazamana nami.

Sista Atupele alilichukua, akalinusa, akalirudisha.

"Mama Minza," akasema, "mimi nimezaliwa kwenye chai. Mama yangu anaichuma mpaka leo. Unajua vidole vyake vikoje?"

"Vikoje?"

"Vyeusi. Utomvu wa jani unaganda kwenye ngozi, ukisugua na jiwe hautoki. Kijiji chetu kizima tunaishi ndani ya chai, na hakuna aliyewahi kuwa mweupe. Kama chai ingekuwa inachubua, sisi tungekuwa Wazungu."

Mama aliduwaa. "Chai inatia weusi?" Akalishika kopo upya, safari hii kwa ncha za vidole. "Sasa humu ndani mna nini?"

Ndilo swali nililopanda nalo basi la Lamadi kesho yake.

Aliyekuwa akiuza makopo yale aliitwa Mama Deo, mwanamke mchangamfu mwenye duka karibu na mialo ya samaki. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba kali. Sikuihitaji, kwa sababu hakuona kitu cha kuficha. Alinipeleka uani, na huko nikakuta beseni la kufulia. Ndani ya beseni alikuwa anachanganya kwa mwiko: mafuta mazito ya kujipaka, krimu ya kuchubua ya magendo iliyovuka mpaka, na tyubu za dawa ya ngozi ambazo mimi, tabibu, niliruhusiwa kumpa mgonjwa moja tu kwa siku chache. Alizikamua kumi kwa mkupuo, kama mtu anayekamua limau.

"Na chai?" nikauliza.

"Hii hapa." Akanionyesha sufuria ya chai ya rangi, ile ile ya kunywa asubuhi. "Nachemsha, natia kikombe kimoja. Uongo sipendi, daktari. Nikiandika chai, chai imo."

"Hiyo ni chai nyeusi, Mama Deo. Na krimu ni ya kijani."

"Ukijani ni wa hiki." Akainua kichupa cha rangi ya kutengenezea barafu za watoto. "Yenyewe ilikuwa inatoka kama tope, watu hawataki tope. Lebo nachapisha Mwanza. Niliona kopo la nje lina jani, nikasema na mimi nina jani."

"Unajua dawa hii inafanya nini kwenye ngozi ya mtu?"

"Inamfanya ang'ae."

"Inaikondesha ngozi! Inazuia hata ugonjwa usionekane! Wewe mwenyewe unaipaka?"

"Mimi?" Mama Deo alicheka mpaka mwiko ukadondoka. "Thubutu! Mimi napaka mafuta ya nazi." Kisha akaniona sicheki, akajiweka sawa. "Baba, usinikasirikie. Si ninyi wa serikali mlisema kwenye redio kila mtu ajitegemee, soko ni huria? Mimi nimejitegemea."

Niliwaita watu wa afya, wakaja wakalimwaga beseni. Baadaye kidogo niliambiwa Mama Deo amehamia upande wa Mwamanyili na kopo lake sasa lina picha ya tango. Kwa miaka mingi nimewaza jibu ambalo ningempa kuhusu redio. Bado sijalipata.

Sasa nieleze shida iliyokuwa mbele yetu, kwa maana humo ndimo kisa chote kilimo. Ukoma wa Minza ulikuwa unatibika kabisa, kwa pakiti za vidonge zilizotolewa bure. Lakini kwa mgonjwa mwenye madoa mengi, mojawapo ya dawa zile humgeuza rangi. Si kidogo. Ngozi huwa nyekundu yenye giza, kisha nyeusi kama chungu kilichokaa motoni, na hukaa hivyo hadi muda mrefu baada ya dawa kuisha. Ilinibidi nimwambie binti anayesubiri kuposwa kwa ajili ya weupe wake kwamba dawa ya kuokoa mkono wake itamfanya mweusi kuliko ndugu zake wote, na kwamba akichelewa, vidole vitakunjika na havitakunjuka tena.

"Mweusi kama nani?" Minza akauliza.

"Kama sufuria," akasema Sista Atupele, ambaye hakuwa na tabia ya kupamba.

"Na nisipokunywa?"

"Mkono huu hautashika jembe, wala mtoto."

Minza akameza vidonge vya kwanza mbele yetu. Tulimwonya kwamba mkojo utakuwa mwekundu, asije akadhani anakufa. Akasema, "Angalau na wenyewe ubadilike rangi, nisiwe peke yangu."

Kuacha krimu kulikuwa na adhabu yake. Uso wake uliwaka, ukavimba, ukatoa vipele. Hapo ndipo chai ya kijani ya kweli ilipoingia. Sista Atupele alikuwa na kifurushi alicholetewa na mama yake: majani yaliyopashwa moto na kukaushwa yakiwa bado mabichi kwa rangi. Tuliyachemsha, tukayapoza kabisa, tukachuja, tukalowanisha kitambaa safi na kukilaza usoni asubuhi na jioni. Ule moto ulipungua, na Minza akaweza kulala. Nilitaka kuandika kwamba ni muujiza. Sista akanikataza: "Nusu ni ubaridi wa maji. Andika nusu." Nimeandika nusu, hata leo.

Aliendelea kuja kila mwezi, na kila mwezi alikuwa mweusi zaidi. Kisha mavuno yakaisha, na mwezi mmoja hakuja. Nikapanda baiskeli kwenda Nkoma.

Nilifika siku mbaya kuliko zote. Uani kwa Mzee Jilala walikuwa wamekaa wageni wa posa: mshenga, bwana harusi na wajomba zake, na shangazi yake mnene mwenye macho makali. Mgeni hafukuzwi, hivyo nililetewa kigoda na kukaribishwa kama rafiki wa familia. Mama Minza alinitazama mara moja tu, na katika mtazamo huo nilijua pakiti za vidonge zimefichwa. Minza alipopita na mtandio umefunika nusu ya uso, nilinusa krimu. Nilikuwa na kiapo cha kutotoa siri ya mgonjwa, na mbele yangu mgonjwa alikuwa anapotea. Nilikaa nimeshika magoti, nikisikiliza ng'ombe wakijadiliwa kwa rangi ya manyoya yao, mara baada ya binti kujadiliwa kwa rangi ya ngozi yake.

Ndipo Minza alipotoka jikoni na sufuria ya nyama. Alikuwa ameishika ukingoni kwa kitambaa, lakini vile vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa nje ya kitambaa, juu ya chuma kitupu, na mchuzi ulikuwa bado unatokota. Alitembea polepole, kwa adabu, asimwage. Harufu ikafika kabla yake. Harufu ya ngozi, si ya nyama.

"Weka chini!" shangazi wa bwana harusi akapiga kelele. "Mtoto, weka chini!"

Minza akageuka nyuma kutazama ni nani anayeambiwa.

Shangazi alimrukia, akamnyang'anya sufuria kwa upindo wa khanga, akaukamata mkono na kuuzamisha kwenye maji ya kunawa. Ngozi ya vidole viwili ilibaki ukingoni mwa sufuria. "Huyu mtoto," shangazi akasema polepole, "hasikii moto."

Nilisimama. Minza akatikisa kichwa kunizuia, akavua mtandio.

"Nina ukoma," akasema. "Dawa ipo, inaponya. Inanifanya mweusi, ndiyo maana mama ameificha mpaka muondoke. Mama, ilete."

Mama alilia, lakini aliileta, kutoka ndani ya kihenge cha mtama. Minza akavimeza vidonge pale pale mbele ya wageni, kwa mkono wa kushoto, huku wa kulia ukiwa bado ndani ya maji.

Wageni wakaenda kuteta nyuma ya zizi. Nami nikatumia muda ule kujiandaa, huku nikiufunga mkono wa Minza. Hii, niliamini, ndiyo siku niliyosomea. Nilipanga maneno kuhusu maambukizi, kuhusu jinsi dawa inavyokomesha uambukizaji mapema, kuhusu woga wa zamani na heshima ya binadamu. Waliporudi nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo.

Mshenga akainua mkono. "Usihangaike, daktari. Ugonjwa unaotibiwa tumewahi kuuona, kwetu yuko aliyepona na anazaa. Hilo halina shida." Akamgeukia Mzee Jilala. "Shida ni kwamba tumesikia binti atazidi kuwa mweusi. Ng'ombe tuliowataja walikuwa wa binti mweupe. Tunaomba tupunguze."

Sijui kama nimewahi kushtuka zaidi ya hapo. Ugonjwa ambao kwa vizazi ulimtoa mtu kwao na kumpeleka kuishi porini, walikuwa wameuvuka kwa mazungumzo mafupi nyuma ya zizi. Rangi ndiyo iliyowashinda. Hotuba yangu yote ilikuwa ya vita visivyokuwepo.

Mzee Jilala alifungua kinywa, na nikaona hesabu ikianza machoni pake. Hakupata nafasi. Minza akasimama, na mkono wake umefungwa bandeji, akasema jambo ambalo binti halisemi mbele ya washenga:

"Rangi itarudi. Daktari amesema. Ila ikirudi, ng'ombe nitawataja mimi."

Walikwenda zao. Njiani mshenga alinipita kwenye baiskeli yangu bila kuaga. Kwa miaka miwili iliyofuata Minza alikuja kliniki kila mwezi, mweusi tititi, akiwatania wagonjwa wenzake kwamba yeye ndiye sufuria ya Sista. Uso wake ulipata hisia tena. Vidole viwili havikuzipata, lakini havikukunjika, na alijifunza kuvitazama kabla ya kushika.

Kwa hiyo, mwenzangu uliyeniuliza mbele ya keki, jibu kamili ni hili. Dondoo ya chai ya kijani hutuliza ngozi iliyowaka, huwasaidia wenye mafuta mengi na chunusi, na huongeza ulinzi kidogo dhidi ya jua, ingawa kofia inaishinda. Huharibika kwa joto na mwanga, kwa hiyo usiinunue kwenye chombo kinachopitisha mwanga kilichoanikwa dirishani. Ijaribu kwanza kwenye ngozi ya ndani ya mkono. Haiponyi ugonjwa wala haimfanyi mtu mweupe, na yeyote anayeng'aa ghafla kwa ajili yake, mvue mtandio, sokota pamba, na umwombe afumbe macho.

Dawa zilipoisha, rangi ya Minza ilirudi taratibu, ile ya kuzaliwa nayo, maji ya kunde. Habari zikasafiri, na msimu uliofuata mshenga yule yule akaja. Nilikuwepo, safari hii kwa mwaliko wa Mzee Jilala. Mshenga alisema wako tayari kwa ng'ombe wa mwanzo, na labda wachache zaidi. Mzee Jilala alimwita binti yake uani, akamwambia, "Ulisema utawataja. Wataje."

Minza alifuta mikono kwenye khanga, akamtazama mshenga usoni, na akataja idadi ambayo ukoo mzima wa bwana harusi, ukijumlisha na ndama waliokuwa bado matumboni, haukuwa nayo.

Mshenga akamgeukia mzee ili amkanye bintiye. Mzee Jilala alikuwa anatazama zizi lake, kichwa kimeinama upande mmoja, kama anayepima iwapo lingewatosha ng'ombe hao.